Kabini ya 15 kV ikigoma: soma dalili kabla hujarudisha kuranti

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Shefu, kuranti ilirudia kwa majirani, kwetu bado." Mara nyingi ni alfajiri, baada ya delestaji (mgao wa umeme) ya usiku, na anayepiga ni sentineli aliyesimama mlangoni pa kabini, chumba cha transfo, na tochi mkononi. Mimi humuuliza jambo moja kwanza: kuna mtu ameingia ndani? Akisema ndiyo, namwambia amtoe.

Maelezo haya ni kwa wanaotunza kabini za viwanda hapa Lubumbashi: vinu vya unga, karakana za chuma, viwanda vidogo vya madini, wenye transfo (mashine ya kushusha volti) ya kVA 250 hadi 2,000 inayopokea 15 kV, yaani volti 15,000. Ukiwa na 6.6 kV au 20 kV, mantiki ni ile ile ila namba zinabadilika. Soma kibao cha transfo yako. Nimepanga kwa dalili, jinsi watu wanavyonielezea, na chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi imetangulia. Utaona kwamba hitilafu nyingi zinazoitwa "za umeme mkubwa" zinatoka kwenye vitu vidogo: betri, bolti, vumbi jekundu, mjusi.

Kabla ya dalili yoyote

Umeme wa 15 kV haungoji uuguse. Unaruka hewani. Kama huna kibali cha kazi hiyo, usisogelee waya au baa ya shaba iliyo wazi chini ya mita 3. Kazi yako inaishia kusoma: taa, mita, bendera za relei (kifaa kinachogundua hitilafu na kuamuru kukata), kioo cha mafuta. Kusoma tu kunatatua mengi.

Mwenye kibali anajua mpangilio, lakini nauandika kwa sababu naona unarukwa hata na wakubwa. Fungua, na uone kwa macho kwamba pamefunguka. Tia kufuli na kibao, ufunguo ukae mfukoni mwako. Hakikisha kabati unaloliendea ndilo ulilolizima. Pima kwa fimbo ya umeme mkubwa kwamba hakuna kuranti, na fimbo yenyewe uijaribu kabla na baada ya kupima. Mwisho unganisha fazi zote tatu na ardhi, ndiyo tunaita kuweka ardhini. Taa ndogo za L1, L2, L3, moja kwa kila fazi, usoni pa kabati si kipimo cha usalama: taa iliyoungua na waya usio na kuranti vinafanana.

Halafu kuna grupu, yaani jenereta. Transfo haijui mbele wala nyuma. Ukiwasha grupu ya 400 V na invasa (swichi ya kuchagua laini au grupu) haikutenga vizuri, umeme unaingia transfo kwa upande wa chini na kutoka upande wa juu ukiwa 15 kV, barabarani, ambako fundi wa SNEL, shirika la umeme, yuko juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Invasa iwe ya kufungana kimitambo, yaani mkono mmoja hauwezi kuingia kabla wa pili haujatoka. Ukiona nyaya za grupu zimefungwa moja kwa moja kwenye baa kwa sababu "ni kwa leo tu", zima kabla ya kuuliza ni nani aliyefanya.

Dalili ya 1: majirani wana kuranti, ninyi hamna

Simama mlangoni usikilize. Transfo inayovuma ina kuranti, na shida yako iko upande wa 400 V. Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote: disjonkta (swichi inayojikata yenyewe) kuu ya upande wa chini ina koili inayoiangusha volti zikipotea, basi delestaji ikipita inafunguka yenyewe na kubaki hivyo mpaka mtu aifunge. Watu wamelipa gari la fundi kutoka mjini kwa ajili ya hilo.

Kama transfo imenyamaza, tazama taa za L1, L2, L3 kwenye kabati la kuingilia. Zote zikiwa zimezimika, huenda kuranti haijafika kabisa. Tawi lenu linaweza kuwa limefunguliwa nguzoni, au mna laini tofauti na ya jirani japo ukuta ni mmoja. Hiyo ni kazi ya SNEL, usipande nguzo.

Taa zinawaka lakini disjonkta ya 15 kV imefunguka? Hapo relei imesema jambo, nawe unatakiwa kulisoma kabla ya kulifuta. Chukua simu, piga picha ya kioo cha relei, andika saa. Ndipo ufikirie riseti. Kwenye relei nyingi utakuta namba hizi:

50: mkondo mkubwa wa papo hapo. Shoti, au mshtuko wa transfo inapowashwa.
51: mkondo uliozidi kwa muda. Mzigo mkubwa, au shoti ya mbali.
50N au 51N: mkondo unaovuja kwenda ardhini. Kebo, kihami (kishikio kisichopitisha umeme), maji.
49: joto.
27 na 59: volti pungufu na volti zilizozidi.
63: gesi au shinikizo ndani ya transfo.

Ukikuta 63, ruka hadi dalili ya 6 na usiguse kitu. Ukikuta 27 peke yake, tulia, ni delestaji tu. Ukikuta 50 au 50N, disjonkta isirudishwe kabla ya ukaguzi wa dalili ya 3, hata meneja akisimama nyuma yako akitazama saa.

Neno moja kwa wanaopenda kufungua nyaya nyuma ya relei: mzunguko wa transfo ya mkondo, ile ndogo inayoipimia relei ampea, usikatwe kamwe wakati mzigo unapita. Ncha zilizoachwa wazi zinazalisha volti za kuua, hata kama waya ni mwembamba kama wa redio.

Dalili ya 2: disjonkta inakataa kufunga

Unabonyeza, inalia "tk", basi. Au hailii kabisa.

Ninavyojua mimi, betri ndiyo ya kwanza, na nyingine zote ziko mbali nyuma yake. Kabini nyingi zina betri nne za volti 12 zikitoa 48 V kwa koili na kwa relei. Chaja yake inakula kutoka upande wa 400 V wa transfo ile ile. Delestaji ikichukua siku mbili, chaja imelala siku mbili, na relei inaendelea kunywa. Kuranti ikirudi, disjonkta haina nguvu ya kujifunga.

Nilienda kwenye kinu kimoja cha mahindi, upande wa Quartier Industriel kule Kampemba. Walikuwa wameshanunua koili mpya na kuifunga, siku ya pili inaisha, magunia yanangoja. Fundi wao aliniambia: "Betri nilipima, Baba, iko 51." Nami nikapima, 51 kweli. Nikamwomba abonyeze kitufe wakati ncha za mita ziko kwenye betri. Mota ya kukaza springi ya disjonkta ilipoanza kuvuta, namba ilishuka hadi 29 mbele ya macho yetu, kisha ikapanda tena 50 kana kwamba hakuna kilichotokea. Betri moja kati ya nne ilikuwa imekufa ndani. Bila mzigo ilionekana nzima.

Basi pima hivi: bila mzigo, kisha wakati wa kuvuta, na kila betri peke yake. Chaja ikiwa inafanya kazi, pakiti ya 48 V hukaa karibu na 54 V. Badilisha zote nne pamoja, maana moja nzee huzivuta mpya. Chaja iwekwe kwenye saketi inayolishwa pia na grupu. Na betri zisikae juu ya transfo au kwenye kona yenye joto. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata umri wa betri ya risasi karibu nusu.

Kuna jambo baya zaidi ya kutofunga. Disjonkta nyingi zina mkono wa kukaza springi na kitufe cha kufunga kimitambo, na fundi mwerevu anafunga bila betri. Kuranti inarudi, watu wanampigia makofi. Lakini relei inayotegemea betri hiyo haiwezi kuangusha disjonkta. Shoti ikitokea sasa, hakuna cha kuikata hadi kituo cha SNEL, na kabini inaungua ikiwa "nzima". Kama relei yako si ya kujilisha yenyewe kutoka kwenye transfo za mkondo, usifunge kwa mkono betri ikiwa imekufa. Hapo mimi sina mjadala.

Betri ikiwa nzuri, tafuta vizuizi kwa mpangilio huu: springi haijakazwa (bendera yake iko usoni), swichi ya ardhi bado imefungwa, kigari cha disjonkta hakijaingia hadi mwisho, mlango haujabana, relei ya kufungia, namba 86, haijarudishwa baada ya hitilafu. Kwa disjonkta ya SF6, tazama saa ya gesi. Sindano ikiwa kwenye nyekundu, kizuizi kimefanya kazi yake na usikizunguke. SF6 safi haina harufu. Ukinusa kama yai bovu, gesi imeshachomwa na cheche na ina sumu: toka, acha mlango wazi, na usishuke kwenye mfereji wa kebo, kwa sababu ni nzito kuliko hewa na inajaa chini.

Dalili ya 3: inafunga, inaanguka papo hapo

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa nje na kutofautiana kama maziwa na chokaa.

La kwanza ni mshtuko wa kuwasha. Transfo ikipewa kuranti ghafla inaweza kuvuta mara 8 hadi 12 ya mkondo wake wa kawaida, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Transfo ya kVA 630 kwenye 15 kV hula kama ampea 24 ikiwa na mzigo kamili. Inapowashwa inaweza kugusa ampea 250. Relei iliyopangwa chini sana inadhani ni shoti. Dalili zake: namba ni 50 bila N, mikondo ya fazi tatu haifanani, na jana au juzi ilifunga vizuri. Mshtuko unategemea sekunde uliyofungia, kwa hiyo huja na kuondoka.

La pili ni shoti ya kweli. Hiyo haibadiliki: namba ile ile, fazi ile ile, na mara nyingi N ipo.

Cheki rahisi kwanza. Fungua disjonkta kuu ya 400 V ili transfo ibaki tupu. Pita na tochi kwa nje, kupitia vioo na nyavu, ukitafuta weusi, harufu, mnyama. Mwezi wa kumi na moja, mvua zinapoanza, panya na mijusi wanaingia kabini kutafuta pakavu kupitia tundu la kebo. Nimewahi kukuta mjusi amebaki bapa kama jani kati ya vihami viwili, mkia bado umegusa baa, na mstari mweusi umechorwa juu ya kihami kutoka kwake hadi kwenye chuma. Ukiondoa mnyama peke yake hujamaliza. Mstari ule ni kaboni na kuranti itaufuata tena. Kihami husafishwa au hubadilishwa na mwenye kibali, kabini ikiwa imewekwa ardhini.

Kama hakuna kilichoonekana na alama zote ni za mshtuko, jaribio moja linaruhusiwa, transfo ikiwa tupu. Moja. Ikianguka tena, zima na pima.

Kupima ni kazi ya mega (mita ya uzima wa kihami) ya volti 5,000. Kebo itenganishwe pande zote mbili, fazi moja ipimwe na nyingine mbili ziwe ardhini, namba isomwe baada ya dakika 1. Kebo nzima hutoa mamia ya megaohm na zaidi. Fazi moja ikisoma 2,000 na mwenzake 15, hata kama 15 haikuogopeshi, umempata mgonjwa: tofauti kati ya fazi inasema kuliko namba yenyewe. Endelea hadi dakika 10 ukiweza. Gawanya namba ya dakika ya 10 kwa ya dakika ya 1. Jibu likizidi 2 ni zuri, likikaribia 1 kuna unyevu au uchafu. Kumbuka kebo iliyopimwa imebaki na chaji. Iweke ardhini angalau mara nne ya muda uliopima kabla mkono haujaikaribia.

Kebo inapokufa, mara nyingi inafia kwenye ncha zake au kwenye maunganisho, pale mkono wa mtu ulipokata tabaka kwa kisu na kukwaruza kihami. Katikati huuawa na sururu la mchimba mfereji. Kutafuta mahali penyewe kunahitaji mashine ya kupiga mapigo na mtu aliyeizoea. Usichimbe kwa kubahatisha.

Dalili ya 4: mota zinavuma bila kuzunguka, taa nusu zimefifia

Zima mota zote mara moja. Fazi moja haipo, na mota ya fazi tatu inayolazimishwa kwa mbili inaungua kwa dakika chache.

Sasa pima volti kati ya kila fazi na nyutro, mota zikiwa zimezimwa (zikizunguka zinatengeneza volti zao na kukudanganya). Ukipata 230, 230 na karibu sifuri, fyuzi au bolti imeachia upande wa chini. Ukipata 230, 115 na 115, fazi imepotea juu, upande wa 15 kV. Sababu ni umbo la transfo zetu nyingi, Dyn11: fazi moja ya juu ikikatika, koili mbili zinabaki zimeunganishwa mfululizo na kugawana volti za koili moja. Hesabu hii fupi imeniokolea safari nyingi. Mtu ananisomea namba tatu kwenye simu, nami najua nibebe nini.

Upande wa juu, sababu ya kwanza ni fyuzi, ya pili ni waya uliokatika nguzoni, ya tatu ni mguu wa swichi ambao haukufunga. Fyuzi ya umeme mkubwa ina pini inayochomoza ikiungua na kufungua swichi ya fazi zote tatu. Kama moja imeungua na swichi imebaki imefungwa, tazama kama ziliwekwa kichwa chini. Zinabadilishwa zote tatu, kwa ampea zilizoandikwa kwenye jedwali la mtengenezaji, hata kama mbili zinaonekana nzima: zilipitiwa na shoti ile ile na zimedhoofika. Nimeona fyuzi "iliyotengenezwa" kwa uzi wa shaba ndani ya bomba lake. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Dalili ya 5: transfo inachemka, au sauti yake imebadilika

Anza na hewa, si mafuta. Kabini inageuzwa stoo: magunia yameegemea matundu ya chini, kadibodi imetiwa kwenye matundu ya juu ili vumbi lisiingie. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linashika mapezi ya transfo kama blanketi. Toa vitu, kabini ikizimwa piga brashi kavu, kisha pima tena joto siku inayofuata kwa saa ile ile.

Pili, mzigo. kVA 630 kwenye 400 V ni ampea 909, zaidi ya hapo unakopa. Usisome fazi moja, nyutro pia. Viwanda vyenye mashine za kuchomelea, draivu (za kubadili kasi ya mota) na rektifaya (za kugeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu) hupasha transfo joto hata ampea zikiwa ndani ya kipimo, na nyutro yao hubeba mkondo usioutarajia.

Tatu, bolti za upande wa chini. Ncha iliyolegea hubadilika rangi, plastiki yake huwa kahawia. Kamera ya joto ingesaidia, lakini jicho linatosha.

Nne, mafuta pungufu. Tano, na mara chache, koili zenyewe.

Transfo zilizofungwa kabisa zina kifaa kinachoitwa DGPT2 kinachoangalia gesi, shinikizo na joto. Kawaida huita kwenye nyuzi 90 na kukata kwenye 100. Mtu anayepandisha vipimo hivyo ili "isisumbue" aelewe anachonunua: karatasi iliyo ndani ya koili hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 6 za ziada.

Kuhusu sauti: mvumo mzito uliosawazika ni wa kawaida. Ukipanda usiku, pima volti, huenda zimezidi. Ukisikia mpasuko kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji, zima kutoka mbali na upige simu.

Dalili ya 6: kengele ya gesi, relei ya Buchholz (inayonasa gesi ya mafuta ya transfo) au DGPT2 imekata

Hapa sehemu ya kufanya mwenyewe ni fupi sana. Tazama kiwango cha mafuta kwenye kioo. Tazama kama kisanduku cha nyaya cha kifaa kimeingia maji, maana wakati wa mvua hutoa kengele ya uongo. Uliza kama mafuta yaliongezwa wiki hii. Hewa iliyobaki hujikusanya na kuita kengele. Basi.

Kama kifaa kimekata, na si kuita tu, transfo isipewe kuranti tena. Gesi ichukuliwe sampuli na fundi mwenye chombo chake, mafuta yaende maabara: asetilini ikiwepo, ndani kulikuwa na cheche, hidrojeni inaelekeza kwenye mapigo madogo ndani ya kihami, etilini kwenye chuma kilichochemka. Usiwashe kiberiti kujaribu gesi kama wazee walivyofanya. Mafuta yenyewe yakipimwa nguvu, chini ya kV 30 kwenye nafasi ya milimita 2.5 hayafai kuendelea.

Transfo za zamani, za kabla ya miaka ya 1980, zinaweza kuwa na PCB, kemikali ya sumu iliyotumika kama mafuta. Mkataba wa Stockholm uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kuvitumia vifaa hivyo. Tafuta neno "pyralène" au "askarel" kwenye kibao. Ukilikuta, hakuna kufungua kizibo, hakuna kupanguza mvujo kwa kitambaa cha kawaida. Na mafuta ya transfo yoyote, ya zamani au mapya, hayaendi jikoni wala kwenye ngozi, hata aliyeyaomba akiwa shemeji yako.

Dalili ya 7: mluzi, harufu kali, unga mweupe

Asubuhi za Juni na Julai hapa ni baridi, chuma cha kabati kinatoa jasho, na vumbi lililotulia juu ya kihami linageuka tope jembamba. Utasikia mluzi mdogo, utanusa harufu kama baada ya radi, na kuona unga mweupe au wa kijani kwenye shaba. Kuranti inatambaa juu ya kihami.

Hita ndogo za makabati ndiyo cheki ya kwanza; nyingi zimeungua miaka iliyopita na hakuna aliyejua. Kisha maji kwenye mfereji, kisha matundu ya kebo yasiyozibwa. Mluzi ukiendelea kabati likiwa kavu, ncha ya kebo inakufa. Zima kwa mpango, mwishoni mwa juma, kabla haijachagua siku yake.

Dalili ya 8: volti zinapanda na kushuka

Sehemu ya kuranti ya Katanga inasafiri takriban kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi kwa laini ya volti 500,000 ya mkondo mnyoofu, iliyoanza kazi 1982. Nyingine inatoka mitoni kwetu, Nzilo, Nseke, Mwadingusha. Kukiwa na upungufu huko, volti zako jioni zinashuka na hakuna bolti utakayokaza.

Unachoweza ni kurekebisha ngazi ya transfo, yaani kigurudumu kinachochagua uwiano wa volti. Tuseme 15 kV inafika ikiwa 13.8. Transfo ya volti 15,000/410 itatoa 377. Ukiipeleka kwenye ngazi ya 14,250 itatoa karibu 397. Vizuri, lakini usiku wa manane mzigo wa mji ukishuka na laini ikipanda hadi 15.3, ngazi hiyo hiyo itakupa 440, na asubuhi utahesabu taa zilizokufa. Andika volti kila saa kwa wiki nzima kabla ya kuamua. Na kile kigurudumu juu ya transfo kinazungushwa kuranti ikiwa imekatwa pande zote mbili. Kukizungusha ikiwa na kuranti ni kuwasha cheche ndani ya pipa la mafuta.

Dalili ya 9: kapasita zinakata au zimevimba

Kapasita hupunguza mkondo usiofanya kazi wa mota. Iliyovimba imekufa, ibadilishwe. Sababu ya kawaida ni joto, kisha draivu na rektifaya zilizoongezwa baada ya kapasita kufungwa. Za umeme mkubwa zinapewa dakika 10 baada ya kuzima, kisha zinawekwa ardhini kwa fimbo, kila moja. Usiamini dakika peke yake.

Dalili ya 10: mlango wa kabini "unauma"

Mtu akisema alihisi kuranti kwenye mlango, uzio au bomba, mtoe kila aliye karibu na usithibitishe kwa mkono wako. SNEL ikate laini kwanza.

Mjini kwetu sababu ya kwanza haina ufundi wowote: waya wa ardhi ni shaba, na umeibiwa. Tazama kwa mbali, kando ya ukuta, kama ardhi imechimbuliwa au klipu zimebaki bila waya. Waya wa nyutro ukiibiwa pamoja nao, utaona pia fazi moja 180 na nyingine 260, na vifaa vya ofisini vinaungua kimoja baada ya kingine. Sababu ya pili ni klipu iliyooza chini ya udongo. Ya tatu ni udongo wenyewe: ukinzani unaopimwa Februari, mvua zikinyesha, unapendeza, ila ule wa Septemba ndio wa kweli. Pima mwishoni mwa kiangazi, linganisha na namba iliyoandikwa siku kabini ilipokabidhiwa.

Wanaoibiwa mara kwa mara wamehamia chuma kilichopakwa zinki, kinene kuliko shaba iliyokuwepo, kimezikwa chini na maunganisho yake yamefunikwa kwa zege. Kinabeba kuranti vibaya kuliko shaba, ndiyo maana unene wake lazima uhesabiwe na anayejua mkondo wa hitilafu wa laini yenu. Lakini sokoni hakina bei, na asubuhi unakikuta pale pale.